Wafanyakazi Kumi na Wanne Katika Mapango ya Musanze

Sisi tunaofanya kazi Kigali barabara ya kwenda Musanze tunaijua. Tunaipita kwenda msibani, tunaipita kwenda harusini, na wengine tunairudia na gunia la viazi juu ya basi. Lakini kuipita kwa ajili ya kutazama tu, kutoka nyumbani asubuhi bila mzigo wa kupeleka wala deni la kudai, hilo wengi wetu tulikuwa hatujapata kulifanya. Kwa hiyo kamati ilipopendekeza kwamba fedha kidogo zilizosalia katika mfuko wa matembezi zitumike kwa safari ya siku moja kwenda kuyaona mapango, waliojiandikisha siku ya kwanza walikuwa wanne. Baada ya juma moja tukawa kumi na wanne, na gari limejaa.

Tulikuwa mchanganyiko. Wanne wa kiwanda cha sabuni, watatu wa nguo, akina mama wawili wa kiwanda cha chai ambao walilala kwa ndugu zao Nyamirambo ili wasichelewe, dereva mmoja wa lori, mzee mmoja mwashi aliyekwisha kustaafu, kijana mmoja mchimba madini, na sisi wawili wa ukurasa huu. Tulikutana kituo cha Nyabugogo saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumapili. Dereva wetu wa lori, ambaye siku hiyo alikuwa abiria, hakuacha kumsahihisha dereva wa kosta tangu tulipoanza kupanda Shyorongi. Basi zetu zina vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 60 kwa saa, na yeye alikuwa akilalamika kana kwamba tunakimbilia meli. Mzee mwashi akamwambia, "Kijana, leo huna bosi. Kaa."

Tukasimama Nyirangarama, kama wasimamavyo wote, tukala mahindi ya kuchoma, na mama mmoja akanunua chupa mbili za pilipili ya Akabanga. Baada ya hapo ni milima na kona za Buranga, na ukiisha kushuka upande wa pili nchi inabadilika. Udongo mwekundu unatoweka. Mawe meusi yanatokea kila mahali: katika kuta za nyumba, kandokando ya mashamba, katikati ya viazi. Mawe haya kwa Kinyarwanda huitwa amakoro. Wakulima wa huko wameyaokota mashambani kizazi baada ya kizazi, wakayapanga kuwa kuta, na bado hayajaisha.

Mzee mwashi alilishika moja akalipimapima mkononi, akalionyesha kwetu. Lina vitundu vitundu kama mkate uliochachuka vizuri. Alisema jiwe la namna hii linashika saruji kuliko mawe yetu ya Kigali, kwa sababu saruji huingia katika vile vitundu, lakini patasi linaila haraka mno. "Anayechonga haya kwa siku nzima," alisema, "jioni hana patasi wala hana vidole." Wasomaji wetu waliopata kufanya kazi ya kokoto watakuwa wanaelewa.

Vitundu hivyo ni hewa iliyonaswa. Amakoro yalikuwa moto. Mbele yetu asubuhi ile, juu ya mawingu, ilionekana milima ya Birunga: Karisimbi wenye mita 4,507, Bisoke, Sabyinyo uliovunjikavunjika kileleni kama meno ya mzee, Gahinga, na Muhabura wa mita 4,127. Yote hiyo ni volkeno iliyolala. Wenzao wawili walioko upande wa Kongo, Nyiragongo na Nyamulagira, hawajalala. Ndugu zetu wa Goma walikimbia moto wa Nyiragongo mwezi Januari 2002 na tena mwezi Mei 2021. Mlima wa namna hiyo ukipasuka, hutoa mawe yaliyoyeyuka yakaenda kama mto. Mto huo ndio uliotengeneza mapango tuliyokwenda kuyaona.

Mwongozaji wetu, kijana wa Musanze mwenye sauti ya mwalimu, alitueleza kwa mfano wa uji. Uji ukiutoa jikoni ukauacha, juu yake hufanyika utando. Utando umepoa, lakini ukichovya kijiko, chini uji ungali moto. Ndivyo ulivyo mto wa moto: juu na pembeni ukapoa ukawa jiwe, ndani ukaendelea kutiririka. Siku mlima ulipoacha kutoa, uji wa ndani ukateremka wote ukaisha, ukabaki utando peke yake, yaani bomba refu la jiwe lisilo na kitu ndani. Miaka ikapita, mahali palipokuwa pembamba dari likaporomoka, na hayo mashimo ndiyo milango. Mapango ya Musanze yana urefu wa kilomita 2 hivi na milango 31. Yako pembeni kabisa mwa mji, ule uliokuwa ukiitwa Ruhengeri kabla ya mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006. Juu yake watu wanalima, watoto wanachunga mbuzi, na mgeni asiyeambiwa angeweza kupita juu yake mwaka mzima asijue anatembea juu ya dari.

Yalifunguliwa rasmi kwa watalii mwaka 2013, chini ya Halmashauri ya Maendeleo ya Rwanda, baada ya kujengwa ngazi na kusafishwa njia. Haingii mtu bila kibali na bila mwongozaji. Tuseme kweli: tulikuwa tumeogopa bei. Sote tunajua kwamba mgeni kutoka ng'ambo akitaka kuwaona sokwe wa mlimani analipa dola 1,500 kwa saa moja, ndivyo ilivyo tangu mwaka 2017, na tukadhani kila kitu kilichoko chini ya milima ile kina bei ya sokwe. Sivyo. Mapango ni jambo jingine, na mwananchi ana ada yake. Mfuko wetu ulitosha, ikabaki hata ya chakula cha mchana.

Kabla ya kushuka tuligawiwa vifaa. Tunaomba msomaji avikumbuke, maana tutavirudia. Kila mtu alipewa kofia ngumu yenye kamba ya kidevuni, tochi, glovu, vikinga vya magoti, na viatu vya mpira virefu kwa wasiokuwa navyo. Mwongozaji alimkagua mmoja mmoja. Dereva wa lori alivua glovu akaziweka mfukoni, akaambiwa azivae au abaki juu. Akazivaa. Kijana wetu mchimba madini alikuwa akiigeuzageuza kofia yake, anagonga juu kwa kidole, anaivaa, anaivua, anaivaa tena. Hatukumuuliza kitu wakati huo.

Tukashuka. Ngazi ni za mawe yale yale, zenye utelezi, na kando yake nyasi na majani mapana yanayopenda unyevu. Kila hatua baridi inazidi. Kisha mwanga unakatika kama pazia lililoshushwa. Wenzetu wa kiwandani tumezoea mahali penye kelele, na nadhani ndiyo maana ule ukimya ulitushtua kuliko giza. Kilichosikika ni tone la maji mahali fulani, na pumzi za watu kumi na wanne.

Ndani mna kumbi kubwa, nyingine unaweza kuliingiza lori la dereva wetu na likageuka. Kuta zina mistari ya ulalo iliyoachwa na moto ulipokuwa ukipungua, kama alama za maji katika tangi. Darini mmening'inia vijiti vya jiwe, matone yaliyoganda kabla hayajaanguka. Mahali pengine dari limefunguka, nuru inashuka wima kama nguzo, na chini ya nuru hiyo tu ndipo majani yanapoota, duara la kijani katikati ya weusi. Mama mmoja wa chai alisimama hapo muda mrefu. Alisema maisha yake yote amekuwa akiangalia majani, lakini hajawahi kuyaona yakiwa na njaa ya jua namna ile.

Sasa, habari ya waliokaa humo. Katika mapango na vivuli vya miamba ya eneo hili la Ruhengeri watafiti wa mambo ya kale, miongoni mwao Mbelgiji Francis Van Noten, wamechimba wakapata zana za mawe na vigae vya vyungu. Maana yake ni kwamba kulikuwa na watu hapa, wawindaji kwanza, kisha watu waliojua kufinyanga na kupika, na pango lilikuwa nyumba yao au kimbilio lao. Hawakuwa na patasi ya kulichonga jiwe gumu kama hili. Walichukua nyumba iliyokwisha kujengwa na moto.

Kwingine watu walichimba wenyewe. Huko Uturuki kuna nchi ya Kapadokia, ile ile inayotajwa katika Biblia, ambako volkeno zilimwaga majivu badala ya mto wa moto. Majivu yakashikamana yakawa jiwe laini linalokubali chuma, na watu wakachonga humo vyumba, makanisa, hata miji ya chini ya ardhi yenye ghorofa kadhaa. Na karibu yetu zaidi, katika mlima Elgon mpakani mwa Kenya na Uganda, Wasabaoti walikuwa wakikaa mapangoni pamoja na ng'ombe wao. Mwaka 1883 msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, alifika huko akayaona. Wenyeji walimwambia mapango ni kazi ya Mungu. Yeye hakuridhika, akafikiri lazima yalichimbwa zamani na taifa fulani lenye nguvu kutoka mbali, labda Wamisri. Mzungu wa siku zile alikuwa haoni kazi kubwa Afrika ila amtafutie fundi wa kigeni. Baadaye imejulikana kwamba mmoja wa wachimbaji wakubwa wa mapango ya Elgon ni tembo, anayeingia usiku kuchokonoa mwamba kwa pembe zake apate chumvi.

Turudi Musanze. Pango ni kimbilio, na hadithi za huko zinasema wenyeji walikuwa wakijificha humo kila vita vilipokuja. Lakini mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kimbilio liligeuka mtego. Watu waliuawa humo. Ndiyo sababu wenyeji hawapendi mtu aingie ovyo kama anayeingia dukani, na mwongozaji alituomba tusipige kelele wala kuita ili kusikiliza mwangwi. Mmoja wa akina mama wa chai alikuwa hakushuka nasi. Alikuwa ametuambia garini kwamba yeye atakaa juu, atatungoja. Hatukumuuliza sababu, na hapa pia hatutaandika zaidi. Tulipotoka tulimkuta amekaa juu ya ukuta wa amakoro, amemshika mkono mtoto mmoja mchunga mbuzi, wanaongea habari za mbuzi.

Katikati ya safari, katika ukumbi mmoja, harufu ilibadilika. Ni harufu kali ya mkojo, inayowasha macho. Mwongozaji alitwambia tusielekeze tochi juu. Popo walikuwa wametanda darini kama kitambaa kinachopumua. Akasema: msiguse ukuta hapa, msishike jiwe kwa mkono mtupu, msijipanguse uso kwa glovu.

Hapo ndipo kijana wetu mchimbaji alipoongea kwa mara ya kwanza tangu Kigali. Alisema, "Kwetu popo ni wengi kuliko hawa."

Tulinyamaza wote. Tuliokuwepo Kigali mwezi Septemba mwaka 2024 hatukuhitaji maelezo, lakini kwa wasomaji wetu wa mashambani tutayatoa. Tarehe 27 ya mwezi ule Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia nchini, ugonjwa wa homa na kuvuja damu, ndugu wa Ebola. Mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba, watu 66 walikuwa wameambukizwa na 15 wamekufa. Wengi wao walikuwa wauguzi na madaktari, wafanyakazi wenzetu waliokuwa zamu. Na ulipofuatiliwa ulikoanzia, ulifuatiliwa hadi kwa mchimba madini, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika machimbo yenye popo wala matunda.

Hii haikuwa mara ya kwanza, na hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie nasi kidogo. Mwaka 1980, mhandisi wa Kifaransa aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari magharibi mwa Kenya aliugua Marburg akafia Nairobi. Alikuwa ametembelea pango la Kitum, katika mlima ule ule wa Elgon tulioutaja. Mwaka 1987 mvulana mmoja aliyeingia pango hilo hilo naye alikufa. Kuanzia 1998 hadi 2000, huko Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, waliugua watu 154 na wakafa 128, wengi wao vijana wachimba dhahabu wa mgodi mmoja uitwao Goroumbwa. Maradhi yalikoma mgodi ulipojaa maji. Mwaka 2007 wakaugua wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, na kutoka kwa popo wa mgodi huo wanasayansi wakakipata kirusi chenyewe. Hesabu hizi tumezipanga kwa makusudi. Watalii waliokufa kwa sababu ya mapango wanahesabika kwa vidole. Wachimbaji unawahesabu kwa makumi.

Hatusemi kwamba popo wa Musanze wana ugonjwa. Hakuna aliyetuambia hivyo, na wala tusingependa mtu aache kwenda kwa hofu. Tunasema jambo jingine. Mtalii anayeingia shimoni kwa muda wa saa mbili na nusu, mara moja maishani mwake, anapewa kofia, glovu, tochi, vikinga vya magoti na viatu, na anakaguliwa mlangoni. Na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Je, anayeingia shimoni siku sita kwa juma?

Tulipotoka nje, tumekaa juani tunakula viazi vya Kinigi na maharage, tulimuuliza kijana. Alijibu bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Hatutataja machimbo yake. Viatu alivinunua mwenyewe. Kofia zipo, lakini ni chache kuliko watu. Zamu inayotoka inaivulia zamu inayoingia, na anayechelewa anaingia na kofia ya pamba. Glovu aliwahi kuziona wakaguzi walipokuja. Tochi ni yake, na betri ni zake. Juu ya popo walikuwa wameambiwa mwaka ule wa ugonjwa wasiwaguse. "Lakini hatuwagusi," alisema. "Wao ndio wanaotugusa. Mavi yao yanatuangukia shingoni."

Mzee mwashi alitaka kujua kama wamedai. Kijana akasema mwenzao mmoja aliuliza, akaambiwa kama anaona baridi shimoni kuna wengine nje wanaongoja nafasi yake.

Sheria ipo. Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66 ya mwaka 2018, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga vinavyofaa kwa kazi anayoifanya. Na Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unaohusu usalama migodini, unasema kwamba pale hatari isipoweza kuondolewa kwa njia nyingine, vifaa hivyo vitolewe bila ya mfanyakazi kulipa chochote. Mama wa chai alitaka tuyarudie maneno hayo mara mbili. Yeye hufanya kazi karibu na mashine za kukaushia, na kitambaa anachofungia pua ni kipande cha kanga yake.

Mchana tulikuwa na saa moja ya ziada. Wengine walitaka kwenda msitu wa Buhanga, ambao wenyeji wanausimulia kuwa ndiko wafalme wa zamani walikotawazwa, lakini mvua ya milimani ikaanza, na mvua ya Musanze haina utani. Tukabaki chini ya paa la bati tukitazama mashamba ya pareto yakigeuka meupe na kijivu. Mashamba hayo nayo yana historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kiasi cha hekta 10,000 za hifadhi ya milima zilikatwa, familia zikapewa zilime pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu iliyokuwa ikitakiwa sana ng'ambo. Muda si mrefu dawa za viwandani zikaja kwa bei rahisi, soko likayumba, na mkulima akabaki na maua. Hiyo ni makala nyingine, na tunayo nia ya kuiandika.

Kabla ya kuondoka tulirudisha vifaa. Mwongozaji alikuwa na daftari, anahesabu. Kofia kumi na mbili, kumi na tatu. Ikakosekana moja. Kijana mchimbaji alikuwa amekaa kwenye ngazi, anayo magotini, na ubavuni mwake mwetu mmoja alikuwa akimnakilia katika kipande cha karatasi yale maandishi madogo yaliyochapwa ndani ya kofia: jina la kiwanda, namba, na mwaka. Akainuka akaitoa. Mwongozaji akaandika kumi na nne, akafunga daftari.

Karatasi ile sasa iko kwa katibu wetu. Ameuliza bei katika maduka mawili ya Kigali, na jawabu la duka la tatu analingoja kabla ya mkutano wa mwezi ujao.